Vyakula vya asili vya Ugiriki na kwao ni wapi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, kuna "chakula cha Kigiriki", au kila sehemu ina chake?

Yote mawili ni kweli, ila la pili lina uzito zaidi. Mafuta ya zeituni, mkate, kunde, majani ya mwituni na jibini la kondoo na mbuzi utavikuta nchi nzima. Lakini ukitaka kujua kwa nini chungu fulani hupikwa hivi na si vile, uliza kinapikwa wapi. Epirus, kaskazini-magharibi, ni milima ya wafugaji: siagi, jibini na pai. Visiwa vya Cyclades ni vikavu, kuni ni za shida na maji ni ya mvua, kwa hiyo watu walitegemea kunde na tanuri moja lililohudumia mtaa mzima. Krete ina mafuta tele na shayiri. Kisiwa cha Corfu, upande wa magharibi, kilikaa chini ya Venice kwa karne nne. Thessaloniki na Makedonia yote ilipokea wakimbizi kutoka Asia Ndogo, na wakimbizi walikuja na bizari zao.

Migahawa ya watalii huvikusanya vyote hivi kwenye menyu moja, ndipo mgeni anapodhani kila Mgiriki hula musaka, trei ya biringanya na nyama.

Kwani musaka si chakula cha kale?

Biringanya kwa nyama au nyanya ni mapishi ya siku nyingi katika nchi zilizokuwa chini ya Waosmani. Lebanoni wana yao, biringanya na dengu kwenye mchuzi wa nyanya, tena huliwa ikiwa imepoa. Musaka yenye blanketi jeupe la sosi ya beshameli ni ya juzi tu. Aliyeieneza ni mpishi Nikolaos Tselementes, mwenye asili ya kisiwa cha Sifnos, katika miaka ya 1920. Alihusudu upishi wa Kifaransa, akapunguza viungo na mafuta ya zeituni, akaongeza siagi na maziwa. Wapishi wengi wa leo wanamlaumu, na wana haki. Hata hivyo musaka yake imekaa, na haitaondoka.

Kwa trei ya sentimita 25 kwa 35: biringanya kilo 1.5, nyama ya kusaga gramu 700, kitunguu kikubwa kimoja, nyanya zilizokwaruzwa gramu 400, kijiti cha mdalasini. Sosi nyeupe ni siagi gramu 100, unga gramu 100, maziwa lita 1, viini viwili vya mayai, kungumanga kidogo na jibini gumu lililokwaruzwa.

Makosa ni matatu. La kwanza, kukaanga biringanya kwenye mafuta mengi. Huyafyonza yote na kuyatema kwenye trei. Kata vipande vya sentimita 1, tia chumvi nusu saa, kausha, paka mafuta kwa brashi, choma kwenye oveni nyuzijoto 220 kwa dakika 25. La pili, nyama yenye mchuzi. Ipike hadi ukivuta mwiko chini ya sufuria usione maji yakirudi. La tatu ni haraka: baada ya dakika 45 hadi 50 kwa nyuzijoto 180, iache itulie si chini ya dakika 45. Ukiikata ya moto, itamwagika sahanini.

Feta ya kweli ni ipi?

Ni jibini la maziwa ya kondoo, angalau asilimia 70, na yanayobaki yawe ya mbuzi. Ng'ombe hahusiki. Maziwa lazima yatoke Makedonia, Thrace, Epirus, Thessaly, Ugiriki ya Kati, Peloponnese au kisiwa cha Lesvos, na jibini likomae kwa miezi miwili au zaidi. Krete haimo, na Wakrete hawasononeki. Wana jibini lao gumu, graviera. Jina hili linalindwa katika Umoja wa Ulaya tangu 2002. Denmark na Ujerumani zilipinga, na mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ikaipa Ugiriki haki.

Nje ya Ulaya ulinzi huo haufiki kila mahali, kwa hiyo kopo la Nairobi au Dubai laweza kuandikwa feta huku ndani mna jibini la ng'ombe. Soma viambato. Macho nayo husaidia: jibini la kondoo na mbuzi ni jeupe kabisa, la ng'ombe lina umanjano kidogo. Ukilivunja, feta hupasuka kwa mapande yenye vitundu vidogo. Lile jingine huteleza kama mpira.

Litunze ndani ya maji ya chumvi: gramu 70 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, jibini lizame lote. Maji yakiwa na chumvi haba, uso wa jibini huanza kulainika na kuteleza baada ya siku chache. Likiwa na chumvi kali mno kwako, liloweke kwenye maziwa saa moja kabla ya kula.

Kwa nini Epirus ni nchi ya pai?

Kwa sababu ya maisha ya kuhamahama. Wafugaji wa Kivlachi na Wasarakatsani walipandisha mifugo milimani kiangazi na kuishusha majira ya baridi. Unga ulikuwapo, maziwa na jibini vilikuwapo, majani yalichumwa njiani. Tanuri la kujenga halikuwapo, kwa hiyo pai iliokwa chini ya gastra, kifuniko cha chuma chenye umbo la kuba kinachorundikiwa makaa na majivu juu. Hadi leo mpishi wa huko hupimwa kwa filo yake, yaani unga uliosukumwa ukawa mwembamba kama karatasi.

Pai ya majani kwa trei ya mviringo ya sentimita 36:

Unga wa ngano gramu 500, chumvi kijiko kidogo kimoja, siki kijiko kikubwa kimoja, mafuta ya zeituni vijiko vikubwa vitatu, maji ya uvuguvugu kama mililita 270. Kanda dakika 10 hadi donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Funika lipumzike saa moja. Usilipunguzie muda: unga usiopumzika hujivuta kila unaposukuma, nawe utaishia kuutoboa.

Gawa madonge sita. Sukuma kila moja kwa fimbo nyembamba ndefu, si kwa kisukumio kinene cha chapati, ukinyunyiza wanga wa mahindi badala ya unga; unga ukizidi filo huwa ngumu. Filo ikipanuka, izungushie kwenye fimbo, ibingirishe huku viganja vikitoka katikati kwenda pembeni, ifungue, igeuze robo, rudia. Unataka filo ipite trei kwa sentimita 4 au 5 kila upande.

Majani kilo 1: mchicha, spinachi, majani ya vitunguu, shibiti na nanaa ukipata. Kata, tia chumvi, fikicha, acha nusu saa, kisha kamua kwa nguvu zote. Changanya na feta gramu 300 iliyovunjwa, mayai mawili na mafuta robo kikombe. Filo tatu chini, kila moja ikinyunyiziwa mafuta, majani katikati, filo tatu juu. Kunja kingo ziwe kamba nene. Kata mistari juu kabla ya kuoka, mvuke upate pa kutokea. Oka safu ya chini ya oveni, nyuzijoto 190, dakika 50 hadi 60.

Pai yangu hulowa chini. Nakosea wapi?

Karibu kila mara ni majani: hayakukamuliwa vya kutosha, au yalichemshwa kwanza. Nyunyiza kiganja cha semolina juu ya filo za chini kabla ya kuweka majani; itanywa maji yanayotoka. Huko milimani hutumia trahanas, ngano iliyopikwa na maziwa yaliyochacha kisha ikaanikwa juani. Trei iwe ya chuma chembamba, kwa maana ya kioo au udongo huchelewa kupata moto. Na ikitoka, usiifunike kitambaa. Mvuke wake mwenyewe utaiharibu.

Mwenye haraka na apike pai ya Zagori, vijiji vya milimani huko Epirus, isiyo na filo kabisa. Ni uji mwepesi wa unga gramu 250, mayai mawili na maji mililita 400, unaomiminwa kwenye trei yenye mafuta iliyokwisha kupata moto, feta gramu 250 ikatawanywa juu. Nyuzijoto 220, dakika 35 hadi 40. Unene usifike sentimita 1; ukizidi, inakuwa mkate.

Naweza kutumia manda za sambusa badala ya filo?

Kwa vipembe vidogo vya kukaanga, ndiyo. Kwa pai ya trei, hapana. Manda hupitishwa kwenye chuma cha moto kwanza, zimeiva nusu, hivyo ndani ya oveni hukauka na kupasuka kabla majani hayajaiva.

Dengu za Sifnos hupikwaje?

Hiki ndicho chakula kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi kisiwa kinavyompangia mpishi. Jumamosi jioni familia hupeleka chungu cha udongo chenye kifuniko kwenye tanuri la kuni la mtaa, na Jumapili baada ya ibada hukichukua. Moto ni mmoja kwa vyungu vingi, nao unazimika polepole usiku kucha.

Loweka dengu nzima gramu 500 (zile nene za rangi ya maziwa, si choroko) kwa saa 12. Mwaga maji. Weka chunguni pamoja na vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa, jani moja la mbei (bay leaf), chumvi, na mafuta ya zeituni mililita 150. Ndiyo, mililita 150. Ukipunguza utakula dengu za kuchemsha. Maji yapite dengu kwa vidole viwili. Ziba ukingo wa kifuniko kwa donge la unga, tia kwenye oveni nyuzijoto 130 kwa saa 7 au 8. Usifungue.

Dengu zikikataa kuiva, shuku maji. Sifnos hutumia maji ya mvua kutoka birikani, hayana chokaa. Maji ya visima vya pwani yetu, yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa nyingi inayofunga ganda la kunde lisilainike. Tumia ya mvua, au tia nusu kijiko kidogo cha magadi kwenye maji ya kulowekea na uyamwage. Limau ni la mezani tu. Ukilitia mapema, asidi hufanya kosa lilelile la chokaa.

Fava ya Santorini ni kunde gani?

Si baazi, wala si zile kunde pana ambazo Waarabu huita ful. Ni punje ndogo za njano za mmea uitwao kitaalamu *Lathyrus clymenum*, unaostahimili udongo wa volkano na ukame. Punje zake zimekutwa ndani ya mitungi ya Akrotiri, mji wa kisiwani humo uliofukiwa na majivu zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Gramu 250 kwa maji mililita 750, kitunguu kimoja. Engua povu, moto mdogo dakika 45, kisha ponda na mafuta. Ondoa jikoni ingali nyepesi, maana hugandamana ikipoa. Ukikosa fava, njegere kavu za njano hutoa kitu kinachofanana, japo kitamu zaidi na chenye harufu kidogo.

Kwa nini Krete wanakula mkate mgumu?

Paximadi huokwa mara mbili ili idumu miezi: mchungaji au baharia hakuwa na tanuri, na kuni za kuoka kila siku hazikuwapo. Shayiri ilikubali ardhi ambayo ngano iliikataa. Kutengeneza dakos, pitisha kipande chini ya bomba kwa sekunde chache tu, kikwaruzie nyanya moja iliyoiva sana, weka jibini jeupe lenye uchachu, oregano, na vijiko viwili vya mafuta. Subiri dakika tano. Wageni hukosea kwa kukiloweka bakulini. Nyanya na mafuta ndivyo vyenye kazi ya kukilainisha, maji ni ya kukiamsha tu.

Na yale majani ya mwituni?

Huko huitwa horta, na msomaji wa Afrika Mashariki ana mengi jikoni kwake tayari. Mchicha huliwa Ugiriki kiangazi kwa jina la vlita, na mnavu huliwa Krete kwa jina la stifnos. Tofauti ni mapishi: huchemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi, sufuria wazi, hadi mashina yalainike, huchujwa, humwagiwa mafuta ya zeituni na limau. Hakuna kitunguu wala nazi. Majani machungu ya majira ya baridi ndiyo yanayothaminiwa zaidi.

Vyakula gani vilikuja na wakimbizi?

Baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki vya 1919 hadi 1922, na mkataba wa kubadilishana watu uliotiwa saini Lausanne mwaka 1923, Wakristo wa Kiorthodoksi zaidi ya milioni moja waliishia Ugiriki wakitoka Anatolia, Ponto na Thrace ya Mashariki. Wengi walikuwa watu wa miji, na jiko lao lilikuwa na viungo kuliko la wenyeji. Nyama kavu ya pastourmas na bougatsa ya kaskazini (filo yenye krimu au jibini, inayokatwakatwa mbele yako asubuhi) ni za mkondo huo.

Maarufu zaidi ni soutzoukakia za Smyrna, mji uitwao sasa Izmir. Nyama ya kusaga gramu 500, mkate mkavu gramu 80 uliolowekwa kwenye divai nyekundu na kukamuliwa, vitunguu saumu punje tatu, bizari nyembamba kijiko kidogo kimoja na nusu, chumvi. Asiyetumia divai aloweke mkate kwenye maji yenye kijiko cha siki. Finyanga vidole vinene, kaanga juujuu, malizia kwenye mchuzi wa nyanya dakika 20. Usitie kitunguu maji ndani ya nyama. Huachia maji na vidole huvunjika. Na bizari isage wakati huohuo. Ya kopo lililokaa mwaka haitafika.

Corfu nayo, mbona hupika kwa mdalasini na karafuu?

Venice iliitawala kuanzia 1386 hadi 1797, na Venice ilikuwa soko la viungo. Pastitsada ni jogoo aliyepikwa taratibu kwa nyanya, siki, mdalasini, karafuu, kungumanga na pilipili nyekundu, akawekwa juu ya tambi nene zenye tundu. Karafuu za enzi hizo hazikutoka kwetu. Mikarafuu ilianza kupandwa Zanzibar karne ya 19. Waosmani waliizingira Corfu mara kadhaa bila kuishika, na jiko lake linaonyesha hivyo.

Wagiriki wanakula nini siku za mfungo?

Waorthodoksi wakifunga huacha nyama, maziwa, mayai na samaki, na siku nyingine hata mafuta. Pweza, ngisi na kamba huruhusiwa kwa kuwa huhesabiwa kuwa hawana damu. Ndiyo maana mapishi ya Kigiriki ya kunde na mboga ni mengi hivi: yalibebwa na kalenda, si na umaskini peke yake. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda, walio chini ya Patriarki wa Aleksandria, wanazijua kanuni hizi. Saumu ya Pasaka huanza Jumatatu Safi kwa mkate bapa uitwao lagana, zeituni, mayai ya samaki yaliyopigwa na mkate na mafuta, na halua ya ufuta. Tarehe 25 Machi samaki huruhusiwa, na nchi nzima hula chewa wa chumvi wa kukaanga na sosi ya vitunguu saumu.

Pweza wao hulainishwaje?

Hupigwa kwenye mwamba kama pwani yetu, kisha huanikwa kambani juani saa kadhaa apoteze maji, ndipo achomwe kwa makaa. Njia ya jikoni: pweza wa kilo 1.5 kwenye sufuria nzito, bila maji, bila chumvi, kifuniko kimefungwa, moto mdogo kabisa. Ataachia maji yake mwenyewe na kuivia humo kwa dakika 45 hadi 60. Choma uma pale mkono unapoungana na kichwa. Ukiingia bila kusukuma, mtoe. Siki na oregano baadaye.

Supu yangu ya avgolemono (ya mayai na limau) hukatika. Nakosea wapi?

Mayai yamekutana na moto ghafla. Piga mayai mawili na maji ya malimau mawili, ongeza upawa mmoja wa mchuzi wa moto kidogokidogo huku ukipiga, kisha wa pili, halafu rudisha yote sufuriani ambayo umekwisha kuiepua. Wali kidogo ndani ya supu husaidia, maana wanga hulinda mayai. Ikishachanganyika isichemke tena, hata wakati wa kupasha kiporo.

Mastiha ni nini, na hutumikaje?

Ni utomvu wa mti unaotoa kwa wingi kusini mwa kisiwa cha Chios tu, katika vijiji 24. Kiangazi gome hukwaruzwa, chini hutandazwa unga mweupe wa chokaa, matone huganda juu yake. UNESCO iliuorodhesha ujuzi huu mwaka 2014. Uarabuni huitwa mastaka, hivyo ndugu walio Muscat au Dubai wataupata kwenye maduka ya viungo. Ugandishe kwenye friza dakika 15, kisha utwange na kijiko cha sukari. Ukiutwanga peke yake unanata kwenye kinu na hautoki. Gramu 1 inatosha kilo 1 ya unga wa mkate wa Pasaka. Ikifika gramu 3, mkate unakuwa mchungu na hauliki.

Kitu gani nisibadilishe hata nikikosa?

Mafuta ya zeituni katika vyakula vinavyoitwa ladera, yaani mboga zilizopikwa ndani ya mafuta: bamia, maharage mabichi, biringanya. Mafuta ya alizeti hayana ladha ya kubeba chungu kizima. Mtindi mzito wa Kigiriki waweza kuutengeneza kwa kuuning'iniza mtindi wa kawaida kwenye kitambaa usiku kucha. Lita 1 hutoa karibu nusu yake. Limau ikikosekana tumia ndimu, ila punguza theluthi. Oregano kavu ni bora kuliko mbichi, tena ifikiche mkononi dakika ya mwisho.